Ndama wa Nasha Hauzwi

Siku Nanyokie alipompandisha ng'ombe wake Narok kwenye lori pale mnadani Endulen, watu wa kijiji chake cha Kakesio walisimama wakimtazama usoni. Walikuwa wanangoja alie. Hakulia. Aliwauliza kama wana kazi nyingine ya kufanya.

Kwa kweli walikuwa na haki ya kungoja. Narok hakuwa ng'ombe wa hivi hivi. Nanyokie alipoolewa, baba yake alimpa ng'ombe mweusi atangulie naye, na Narok ni mjukuu wa ng'ombe yule. Ng'ombe wa namna hiyo ni mali ya mwanamke mwenyewe. Mume alipofariki, shemeji walikuja wakakusanya kila chenye kwato, wakakosa aibu hata kwa mbuzi wa watoto, lakini kwa Narok waliishia kumtazama tu. Ndiye aliyebaki kuzilisha nyumba mbili, ya Nanyokie na ya Nasha, mke mwenzake mdogo.

Sasa Nasha alikuwa amelala hospitali Karatu, mguu umevunjika. Aliteleza korongoni akimfukuza punda mwenye madumu ya maji, akafungwa vijiti nyumbani, mfupa ukaunga vibaya. Daktari wa mifupa alimwambia Nanyokie bila kuzunguka: unatakiwa uvunjwe upya na utiwe vyuma. Vyuma vinanunuliwa, na muuza vyuma hakopeshi. Daktari mwenyewe hufika Karatu Alhamisi tu. Aliwapa Alhamisi inayokuja. Ikiwapita hiyo, alisema, ule mguu utabaki mfupi na Nasha atachechemea mpaka kaburini.

Kwa hiyo Narok aliuzwa, na bei ilikuwa nzuri. Mnunuzi aliitwa Leonce, Mwiraqw wa Rhotia, meneja wa loji moja ya mahema upande wa barabara ya kwenda geti la kreta. Alitaka ng'ombe wa Kimasai wa kukamuliwa asubuhi mbele ya wageni. Wageni wapige picha, wajaribu kukamua wenyewe, waonje maziwa kwenye kibuyu. Yeye aliita jambo hilo eksipiriensi.

"Ng'ombe nakuuzia," Nanyokie alimwambia mbele ya Josephati, dereva wa lori. "Ndama si wangu. Ni wa Nasha."

Ndivyo walivyoishi wale wanawake wawili. Narok alipozaa jike, Nanyokie alimkabidhi Nasha pale pale, damu ya kuzaliwa haijakauka, ili kila nyumba iwe na chake na pasiwe na wa kumwomba mwenzake maziwa. Ndama angekaa na mama yake hapo loji mpaka aache kunyonya, kisha arudi kwa mwenyewe. Leonce alikubali akicheka. Alisema hata picha zitapendeza zaidi wakiwa wawili. Josephati alisikia.

Walifika loji, ng'ombe wakashushwa, Nanyokie akanyoosha mkono.

"Yeyo, sisi hatushiki noti siku hizi," Leonce alisema, akimwita mama kwa Kimasai. "Mambo yote ni Pochi, hela ya kwenye simu. Salama kabisa, hata mwizi hakuoni. Lete simu yako."

Nanyokie alikuwa na kitochi kilichofungwa kwa mpira. Leonce alikichukua, akaingiza namba ya kitambulisho cha Nanyokie, akabonyeza huku na huku, na baada ya muda kidogo simu ikalia. Fedha yote ilikuwa imeingia. Nanyokie hakuwa msomaji mkubwa, ila namba alizijua vizuri kuliko wengi, na namba zilikuwa sawa. Akamshukuru. Mimi ningekuwa pale ningemwambia asishukuru kwanza, lakini sikuwapo.

Akashuka mjini mpaka kwa Beatrice, wakala mwenye kibanda karibu na stendi, mwanamke mnene mwenye maneno ya haraka. Beatrice aliitazama simu akakunja uso.

"Mama, hii siyo hela ya kutoa."

"Ni hela ya nini basi?"

"Ni ya Pochi. Unanunulia tu kwenye maduka waliyoyachagua wao. Hapa Karatu wako wawili. Mmoja anauza vigae, mwingine televisheni."

Nanyokie aliwaza televisheni na mguu wa Nasha. Kakesio kwenyewe umeme ulikuwa wa tochi.

Beatrice alikuwa na roho nzuri. Alisema ipo njia ya kuomba fedha ihamishiwe kwenye laini ya kawaida, ila lazima mwenye akaunti athibitishe kwa alama za vidole. Akatoa kile kimashine chake. Nanyokie akaweka kidole gumba, mashine ikakataa. Akaweka cha shahada, ikakataa. Walipangusa kwa kanga, wakapaka mafuta, wakapangusa tena. Vidole vya mtu aliyebeba kuni na kukamua tangu utotoni vimekuwa laini kwenye ncha, havina tena ile michoro. Hatimaye simu ikalia, na Beatrice akasoma kwa sauti: "Ndugu mteja, akaunti yako imefungwa kwa muda kwa usalama wako. Tafadhali kamilisha taarifa zako."

"Usalama wangu na nani?" Nanyokie aliuliza.

Beatrice alichukua simu yake. Akapiga huduma kwa wateja. Wakasikiliza muziki mpaka salio la Beatrice likaisha.

Nanyokie alirudi loji siku hiyo hiyo, na kesho yake akarudi tena. Leonce hakuwa mkali, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alimpa kiti, akampa chai, akamwamkia vizuri, "Takwenya," naye akaitikia, "Iko," kisha akaambiwa maneno yale yale: loji imeshalipa, risiti ipo, kama Pochi wamefunga basi ni kati yake na Pochi, avumilie, mambo ya mitandao ndivyo yalivyo.

"Nasha anapasuliwa Alhamisi," Nanyokie alisema.

"Pole sana. Lakini mimi fedha ilishatoka kwangu, yeyo. Siwezi kulipa kitu kimoja mara mbili."

"Haijanifikia."

"Imekufikia. Si unaiona kwenye simu? Ipo."

Nanyokie aliiweka chini ile chai. Alikuwa na hasira iliyompanda hadi kwenye masikio, hasira ya kuambiwa kitu kipo na wakati huo huo kunyimwa. Shemeji zake angalau walichukua mali kwa kelele na fimbo, ukajua umeporwa. Huyu anakupora na kiti anakupa.

Akaenda zizini kumwona Narok. Lilikuwa zizi zuri la mbao zilizopakwa rangi, na maji ya bomba. Ndama alikuwa amemaliza kunyonya, mdomo una povu. Nanyokie akasimama pale akimkuna Narok shingoni, na ni hapo alipotulia kabisa. Akafungua kamba kiunoni mwake, akamfunga ndama, akatoka naye getini.

Mlinzi, kijana wa Piyaya aliyevalishwa shuka jipya kwa ajili ya wageni, alimuuliza anakwenda wapi na mali ya loji.

"Mpigie Leonce. Muulize ndama ni wa nani."

Mlinzi akapiga. Leonce akajibu kwamba ndama ni wa yule mama kweli, aende naye tu, wao wana ng'ombe.

Sasa hapo usimdharau Leonce. Mtu huyu amezaliwa kwenye ng'ombe. Kwao Rhotia wana majike wa kisasa, wale wenye mabaka, na kwa hao ndama hutenganishwa na mama siku za mwanzo akanyweshwa kwa ndoo, na ng'ombe anakamuliwa na yeyote, hata kwa mashine, anatafuna pumba zake wala hageuki. Alijua ng'ombe. Ila alijua ng'ombe wa kwao. Ng'ombe wa Kakesio ni mwingine: ndama anyonye kwanza, maziwa yashuke, ndipo mtu asogee na kibuyu chake. Ndama asipoonekana, ng'ombe huyo anabana. Kiwele kinaweza kujaa mpaka mishipa itokeze, utavuta chuchu mpaka mikono ife ganzi, hupati.

Jumatano asubuhi wageni walitoka kwenye mahema na kamera zao. Lilikuwa kundi kubwa, na mwenye loji mwenyewe alikuwa amekuja nao kutoka Arusha. Kibuyu kilikuwa tayari, kimefukizwa vizuri. Mkamuaji akakaa, akavuta, akavuta. Narok akapiga teke, kibuyu kikaenda zake. Wakaleta maji ya moto na taulo. Wakaleta pumba. Mama mmoja mgeni akajaribu mwenyewe, akapigwa mkia wa uso. Narok alikuwa amegeukia getini, analia kwa sauti ambayo ilisikika mpaka kwenye meza za kifungua kinywa, na wageni wakaanza kuuliza ng'ombe anaumwa nini na kwa nini anateswa.

Leonce aliteremka na gari mpaka stendi. Alimkuta Nanyokie ameketi nyuma ya kibanda cha Beatrice, ndama yuko mbele yake anakula majani ya maharage.

"Takwenya, yeyo."

"Iko."

"Nimekuja kumchukua ndama. Mara moja tu, tutamrudisha."

"Wa nini? Si mna ng'ombe?"

"Ng'ombe amekataa kutoa maziwa."

"Hajakataa," Nanyokie alisema. "Maziwa yapo. Si unayaona kwenye kiwele? Yapo."

Beatrice, aliyekuwa dirishani akimhudumia mteja, aliacha kuhesabu akageuka.

Leonce alitabasamu kidogo, tabasamu lisilo na nguvu. Akasema wasifanyiane hivyo, wageni wanangoja, mwenye loji amekasirika, na yeye ana watoto.

"Na mimi nina Nasha," alijibu Nanyokie. "Daktari anakuja kesho. Nimekuja kwako nikanywa chai, nikarudi nikanywa chai. Ulisema umeshalipa. Sawa, na mimi nimeshakupa ng'ombe. Kama ng'ombe amefunga, hilo ni kati yako na ng'ombe. Vumilia. Mambo ya ng'ombe ndivyo yalivyo."

"Huo ni ukorofi, yeyo."

"Ni kwa usalama wake."

Beatrice alicheka mpaka akashika ukingo wa dirisha. Watu wawili watatu waliokuwa wanangoja gari walisogea, na mmoja akauliza kuna nini. Beatrice akamweleza yote kwa sauti ya kusikika stendi nzima, Pochi, vigae na televisheni. Kumbe si Nanyokie peke yake. Mzee mmoja wa Oldeani akasema kahawa yake ililipwa kwenye mtandao huo huo, na tangu hapo yeye na mkewe wana vigae vya kutosha kujenga choo cha mkuu wa mkoa.

Leonce alisimama akitazama viatu vyake. Simu yake iliita, akaitazama, hakuipokea.

"Unataka nini?" akauliza taratibu.

"Noti. Zote. Kabla ya ndama kupita geti."

"Loji haishiki noti."

"Basi itashika ng'ombe mwenye kiwele kilichojaa."

Waliondoka na gari la Leonce, ndama amesimama nyuma, Nanyokie amemshika, na Beatrice alifunga kibanda akapanda nao bila kualikwa. Getini Nanyokie aliteremka na ndama, akasimama upande wa nje. Narok alimwona ndama wake. Alinguruma kwa ndani, na matone ya kwanza yakaanza kudondoka yenyewe chini ya kiwele, mbele ya wageni wote, yakaingia vumbini. Mwenye loji, mzee mwenye miwani, aliona maziwa yanamwagika, akamwambia Leonce neno moja kwa ukali.

Leonce aliingia ofisini akatoka na bahasha. Noti zilikuwamo, mpya kabisa, zimebanwa kwa karatasi ya benki. Nanyokie alizitazama, kisha akamtazama yeye, na Leonce aliangalia pembeni. Loji isiyoshika noti ilikuwa na sefu ya noti.

Nanyokie alihesabu pale pale getini, hakuharakishwa na mtu. Beatrice akahesabu baada yake, mara ya pili, akilowesha kidole kwa ulimi. Ndipo Nanyokie akaachia kamba. Ndama akakimbia moja kwa moja chini ya mama yake, na Narok akanyamaza. Nanyokie akakaa upande wa pili akakamua mwenyewe, maana hakutaka mtu mwingine aguse kiwele kilichouma vile. Maziwa yakaanguka kwenye kibuyu kwa kishindo. Wageni wakapiga makofi. Hakuwatazama.

Alipoinuka, Leonce alimfuata hadi getini.

"Na ile iliyoko kwenye Pochi?" alinong'ona. "Yeyo, nimekulipa mara mbili. Itakatwa kwenye mshahara wangu."

"Umenilipa mara moja, leo. Ile ya kwanza uliituma tu." Akajitengeneza shuka begani, bahasha iko ndani, kifuani. "Lakini mimi si mwizi. Ile ni yako. Wewe ndiye unayewajua wenyewe, waambie wakurudishie, na wakitaka kidole changu nitakuja kukiweka, sina hiyana. Wakikuzungusha sana, Leonce, nunua televisheni."

Akaondoka na Beatrice, wakatembea mpaka barabara kuu kutafuta bodaboda.

Hospitali, Nasha alikuwa ameketi kitandani, mguu juu ya mto. Hakuuliza habari za fedha. Aliuliza habari za ndama.

"Ndama wangu wamemchukua?"

"Nani amchukue?" Nanyokie alisema. "Yuko na mama yake, ananyonya. Wewe lala mapema. Daktari anakuja kesho, na vyuma nimeshanunua."