Neno Alilolijua Diễm

Diễm alisoma Kiingereza kwa Mzee Thiện, jirani yao pale Quy Nhơn, mji wa pwani ya Vietnam. Ujanani mzee huyo alisomea upadre. Upadre aliuacha, Kilatini hakikumwacha.

Jioni moja neno lilikuwa *expire*.

"Hilo nalijua, Mwalimu," Diễm akasema. "Liko kwenye makopo ya maziwa. Muda umeisha, tupa."

"Unajua mkia wake tu. *Ex* ni nje, *spirare* ni kupumua. Ni kutoa pumzi isiyorudi. Mkataba hu-*expire*, pasipoti pia. Ila hospitali wakikwambia mtu ame-*expire*, usiulize tarehe."

"Ningeuliza kweli."

"Ndiyo maana nakufundisha."

Wiki iliyofuata simu ikalia. Kaka yake, Lộc, baharia wa meli ya mizigo, alikuwa ameshushwa mgonjwa katika bandari ya ugenini. Mama yao aliacha kuosha mboga, akasogea karibu. Upande wa pili mwanamke wa hospitali alizungumza taratibu, kwa upole. Diễm alimwomba arudie, ingawa alikuwa ameshasikia.

"Nimelisikia hilo neno," Mama akasema simu ilipokatwa. Uso wake ulichangamka. "Lộc alilitaja. Mkataba uki-*expire*, anarudi nyumbani. Kwa hiyo umeisha? Atawahi mwaka mpya wa Tết?"

Diễm alitamani kuitikia tu, angalau mama yake ale chakula cha jioni.

"Mama, si mkataba. Ni Lộc mwenyewe. Amefariki asubuhi."

"Wewe Kiingereza umeanza juzi," Mama akasema. "Umesikia vibaya. Kamwite mwalimu wako."

Mzee Thiện alikuja na kandambili za ndani. Akapiga simu, akasikiliza, akashukuru, akaiweka chini. Akavuta kiti akaketi karibu na Mama. Hapo ndipo Mama alipolia.

Majivu ya Lộc yalifika baada ya Tết. Mama aliyapokea mwenyewe, hakukubali mtu amsaidie kubeba. Kwa Diễm alikuwa amepoa; alimpakulia wali, akamwitikia, lakini hakumtazama usoni, kana kwamba kifo kile kiliingia ndani kwa mdomo wa binti yake.

Diễm hakuacha masomo. Ila alifanyia mazoezi barazani kwa mzee, na akivuka kizingiti cha kwao hakutamka hata neno moja la Kiingereza.