Sindano ya Sita
Muuguzi alimdunga fundi cherehani sindano ya sita ya kingamwili, kisha akafungua faili na kutabasamu. "Fundi, virusi vya homa ya ini vimepungua mno. Dawa hii ya majaribio imekukubali."

Fundi alishukuru kwa sauti ndogo. Miaka mitatu nyuma, alipogundulika kuwa na ugonjwa huo, mdogo wake wa kike alitaka naye akapimwe, maana huenda mama yao aliwaambukiza wote wawili. Yeye akamcheka: "Wewe mzima kama kigongo, usijitafutie maradhi!"

Hakupimwa, na sasa ini lake lilikuwa limeharibiwa na virusi hivyohivyo, na majaribio hayakupokea wagonjwa wa hali hiyo.

Alipompelekea habari wodini, mdogo wake alimshika mkono kwa furaha. "Hongera, kaka!"

Fundi aliinamisha kichwa. Afadhali angemtukana.