Mhimili wa Mwaka wa Nne

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, Mwalimu Athanas aliwafundisha watu wanaojiandaa na mitihani ya ajira, sebuleni kwake, mtaa wa Mafiga. Wiki hiyo walisoma grafu za mihimili. Zuhura, binti wa wakulima wa viungo kutoka kijiji kimoja cha milimani juu ya Kinole, alipewa swali la mtihani wa zamani: idadi ya wagonjwa waliohudumiwa na zahanati ya mlimani kwa miaka mitano. Mhimili wa mwaka wa nne ulikuwa mfupi kuliko yote.

Zahanati hiyo aliijua. Ilikuwa ya kijijini kwao, na mwaka huo ilifungwa miezi minane kwa kukosa mganga.

Alipoweka rula, watu walianza kupanda juu ya mhimili ule, wadogo kama punje za mtama, kila mmoja na daftari lake la matibabu. Walisimama mabegani mwa wenzao mpaka wakaufikia urefu wa mwaka wa tatu. Juu kabisa alikuwa shangazi yake Chausiku, aliyefia njiani mwaka huo akiteremshwa kwa machela kwenda hospitali ya mjini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sogeza kichwa, unatuzibia mwanga."

Mwalimu Athanas alivaa miwani, akawatazama.

"Hao hawakuandikishwa popote," alisema. "Kwenye mtihani soma wino tu. Kwa nini mhimili umeshuka? Jibu ni A, magonjwa yalipungua."

"Lakini D inasema taarifa hazitoshi."

"D ni kweli. Inayopewa alama ni A."

Mwezi uliofuata Zuhura alifanya mtihani wa kuomba kazi ya karani wa takwimu. Swali lilikuwa lilelile, na watu wakapanda tena. Aliinama karibu na karatasi.

"Shangazi, nijaze ipi?" alinong'ona.

Chausiku aliwaangalia waliombeba.

"Mama yako bado anapalilia iliki na mgongo ule unaomuuma?"

"Bado."

"Jaza A, mwanangu."

Akajaza A. Kazi aliipata kwa kumzidi mwombaji mwenzake alama moja.

Sasa kila Januari yeye ndiye anayechora grafu za zahanati. Mwaka jana mganga alihama tena, na mhimili wa kijiji chao umetoka mfupi. Watu walipopanda, Zuhura aliwaamkia wakubwa kwanza, akangoja watulie. Kisha, kwenye nafasi ya maelezo, akaandika kwamba magonjwa yamepungua.