Jina Langu Lina Shahada

Mimi si mtu wa kutulia, na kazi yangu ilikuwa ya kukaa kitako. Saa nane kwa siku, kiti kimoja, skrini mbili, na mguu wa kulia unachezacheza chini ya meza mpaka mwenzangu wa jirani anasema, "We, utatuangushia jengo." Naomba radhi, nautuliza, dakika mbili hazipiti umeanza tena.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Serikali ina madaftari mengi: la vizazi, la shule, la hospitali, la vituo vya watoto, la magereza, la ajira. Kila daftari linamjua mtu kipande tu. Ofisi yetu inaunganisha vile vipande, ili watafiti wafuate maisha ya watu tangu utoto mpaka utu uzima, wajue aliyeanza vibaya aliishia wapi, na nini kilimwokoa au kilimmaliza. Tuko vyumba viwili. Chumba cha majina ndicho changu. Tunaona jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, na daftari gani limetoa habari hizo, basi. Tukiridhika kwamba huyu wa shule ndiye yule wa hospitali, tunampa namba moja, na namba hiyo inarudi kwenye kila daftari, hata kwenye madirisha ya huduma. Ng'ambo ya korido kuna chumba cha maisha. Wao wanaona mtu alifeli, aliugua, alifungwa, lakini jina lake hawalioni ng'o. Mlango wa katikati una kufuli, na hata chai hatunywi pamoja. Ukikutana na mtu wa ng'ambo kwenye ngazi, unaongelea mvua.

Aliyeulinda mlango huo ni mkuu wa chumba chetu, mama mmoja mwembamba tuliyemwita Bi Kanuni. Alijua tunamwita hivyo, na nadhani alipenda. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa hii: ukikutana na ndugu yako kwenye skrini, unatoa mikono kwenye kibodi, unasimama, unamwita yeye aje. Hata kama ni shemeji mliyenuniana. Miaka sita sikuwahi kusimama.

Mara moja kwa mwaka vyumba vyote viwili vinaitwa ukumbini kuonyeshwa kazi yetu imezaa nini. Mwaka huo aliyesimama mbele alikuwa mtafiti mkuu, mtu wa tai na bashasha. Alituonyesha ukutani mistari ya watu waliolelewa kwenye vituo vya watoto, kila mstari mtu mmoja. Karibu yote ilikuwa inashuka. Halafu akabonyeza, ukabaki mstari mmoja unaopanda.

"Huyu mwanamke," alisema, "alifiwa na mama akiwa na miaka saba, akaingia kituoni. Hospitali ilimpokea mara mbili na mkono uliovunjika. Akiwa na miaka kumi na sita alijifungua mtoto, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa kumi na moja. Na tarehe kumi na tatu, ndugu zangu, tarehe kumi na tatu akaketi kwenye mtihani wa taifa wa hesabu. Akapata alama ya juu kabisa!"

Ukumbi ukaripuka kwa makofi. Mtu nyuma yangu alisema, "Wanawake ni chuma."

"Leo ana shahada, ana ajira serikalini," aliendelea mtafiti. "Kwa hiyo tusikilaumu kituo. Mwenye moyo anatoka. Hilo ndilo nitakalowaambia wakubwa mwisho wa mwezi, wakikaa kuamua juu ya vituo hivi."

Mguu wangu uliacha kucheza. Ulikufa kabisa pale chini ya kiti, maana siku hiyo ya mtihani wa hesabu naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Nilitoka chumba cha mtihani na sare yangu mwilini, nikakimbia hadi wodi ya wazazi. Aliyelala pale na mtoto mchanga alikuwa dada yangu. Pacha wangu. Mtafiti alikuwa anamsifu mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa sisi wawili.

Ngoja nieleze kabla hujaanza kunihukumu. Dada alinitangulia kuzaliwa kwa robo saa, mzima wa afya, analia wodi nzima inamsikia. Mimi nilifuata nikiwa kitu cha kiganjani, na mkunga akamwambia Baba asijipe matumaini. Baba akaenda kuandikisha mtoto mmoja. "Huyu mwingine tungoje kwanza," alisema. Wakangoja, nikapona, wakasahau. Kwa hiyo nyumbani kilikuwepo cheti kimoja cha kuzaliwa, chenye jina la Dada, na mimi wakawa wananiita Nyongeza.

Mama alipofariki, Baba alisema anaenda kutafuta kazi, na mpaka leo anaitafuta. Mama Mdogo, aliyefuatana na mama yetu tumbo moja, alikuwa na nafasi ya mtoto mmoja nyumbani kwake. Alinichukua mimi kwa sababu nilikuwa dhaifu, akaogopa kituo kitaniua. Shule ikadai cheti. Cheti kilikuwa hicho hicho kimoja, basi nikaandikishwa kwa jina la Dada. Kule kituoni Dada naye aliandikwa kwa jina lake mwenyewe, kwa mdomo tu, hakuna aliyeuliza karatasi. Jina moja, tarehe moja, mama mmoja. Miaka mingi baadaye kompyuta ilipotukuta, haikuwa na shaka hata chembe. Wala haikuniletea nitazame, maana sisi huletewa yale yenye shaka tu.

Na mimi, ambaye kazi yangu ni kusema huyu na huyu si mmoja, nilikaa pale ukumbini nikapiga makofi pamoja na wenzangu. Mpaka leo viganja vyangu vinaniudhi nikikumbuka.

Jumapili nilikwenda kwa Dada. Yeye ni fundi cherehani, na cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu. Anapanga chumba kimoja. Kitanda upande mmoja, vitambaa vya wateja upande wa pili, na katikati njia ya kupita mtu mmoja kwa ubavu. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imekwisha. Daktari wa mifupa alishamwambia wazi kwamba asipopasuliwa kabla ya mwaka kuisha hatatembea tena. Upasuaji wa bure ulikuwepo, kwa wenye kadi ya wasiojiweza, na wiki hiyo ndiyo alikuwa ameenda kuiomba kadi.

"Wamenikatalia," alisema kabla sijakaa. "Nimefika dirishani, karani akaandika namba yangu, akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kandambili. 'Mama, wewe ni mfanyakazi wa serikali, tena msomi. Huna aibu?'" Alicheka mpaka akashika nyonga. "Nikamwambia, kweli baba, nilisahau! Jina langu lina shahada!"

Sikuweza kucheka naye. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, na kwenye chumba kile ukisimama umeshafika mlangoni.

"Nitasema," nikamwambia.

"Utasema nini?"

"Kwamba tuko wawili."

Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Thubutu! Watakuuliza cheti cha nani, utajibu nini? Watakufukuza. Sasa hivi ninyi mnakula, na mimi nikikwama unanishika mkono. Ukifukuzwa nani atamshika nani? Kaa kimya, Nyongeza. Nimezoea."

"Hujazoea. Unatania tu."

"Basi niache nitanie."

Nikamweleza kilichosemwa ukumbini, neno kwa neno: mkono, mtoto, mtihani, mwenye moyo anatoka. Nikamwambia pia kwamba nilipiga makofi. Nilidhani atanitukana. Alikata uzi kwa meno, akautema, akauliza polepole, "Kuhusu mkono walisemaje?"

"Kwamba ulivunjika mara mbili."

"Mara tatu," alisema. "Ya tatu hawakunipeleka hospitali."

Akarudi kwenye nguo ya mteja, anakanyaga kwa mguu mmoja mzima, ule mwingine ameunyoosha pembeni.

Nilitoka pale. Nilitembea mpaka kwangu, nikapita mlango wangu mwenyewe bila kuingia, nikauzunguka mtaa mara tatu, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilimkasirikia Baba na ule ungojaji wake. Nilimkasirikia marehemu Mama Mdogo, Mungu anisamehe, aliyenilisha na kunisomesha. Lakini zaidi nilikuwa naogopa. Niliipenda ile kazi. Niliipenda meza yangu, na kadi yenye picha yangu shingoni, na jinsi mlinzi wa getini alivyonisalimia kwa jina. Jina lenyewe halikuwa langu, lakini salamu ilikuwa yangu.

Jumatatu niliwasha skrini, nikaitazama dakika tano. Halafu nikatoa mikono kwenye kibodi, nikasimama.

Bi Kanuni alikuja na kalamu yake nyuma ya sikio. "Umemwona nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Nani?"

"Mimi na dada yangu. Mmetuunganisha."

Hakushangaa kwa sauti. Alinipeleka ofisini kwake, akanionyesha kiti cha wageni, akafunga mlango. Nilimwambia yote bila kutia chumvi wala sukari. Alipomaliza kunisikiliza alifungua ile namba kwenye kompyuta yake, akabonyeza mahali palipoandikwa Tenganisha. Kompyuta ikaanza kutuletea kumbukumbu moja moja, daftari na tarehe, ikiuliza hii ni ya mtu wa kwanza au wa pili.

"Kituo cha watoto."

"Yake."

"Shule ya msingi."

"Yangu."

"Hospitali, hospitali tena, leba."

"Zote zake."

"Mtihani wa taifa. Chuo kikuu. Ajira."

"Zangu."

Tulitenga kama watu wanaokunja nguo zilizotoka kufuliwa. Kwa macho yangu nikaona rundo lake lilivyojaa hospitali na rundo langu lilivyojaa shule. Tumbo moja, siku moja, na kilichotutofautisha ni nani alichukuliwa na Mama Mdogo na nani alipandishwa gari la kituo. Nilitamani yule mtafiti awepo aone.

Ikabaki kumbukumbu ya mwisho, cheti cha kuzaliwa. Bi Kanuni akavua miwani.

"Hapa nisikilize vizuri," alisema. "Naweza kuandika 'haijulikani'. Itakwenda kwenye kamati, na kamati hukaa mwaka mzima kabla ya kuamua. Mwaka huo hakuna atakayekugusa. Lakini na yeye namba yake itasubiri hivyo hivyo."

Ilikuwa huruma, na kutoka kwa Bi Kanuni! Nilimpenda ghafla. Mwaka mzima wa mshahara, mwaka mzima wa meza yangu na salamu za mlinzi. Nyonga ya Dada haikuwa na mwaka.

"Cheti kiende kwa nani?" aliuliza.

"Kwake," nikasema. "Ni chake. Siku zote kilikuwa chake."

Akabonyeza. Jina la Dada likabaki jeupe, limekamilika. Upande wangu ukawa mwekundu wote, shule, chuo, ajira, na juu yake yakatokea maandishi: Mtu huyu hana mwanzo.

Bi Kanuni alikohoa. "Hayo ni maneno ya kompyuta tu, yasikusumbue." Kisha akanyoosha mkono, na mimi nikavua kadi ya kazi shingoni, nikampa. Alisema nisubiri nyumbani mpaka niitwe. Kwa jina gani wataniita, hakusema, nami sikuuliza.

Dada aliposikia alininunia wiki mbili. Hakupokea simu. Bi Kanuni ndiye aliyenipigia kuniambia masahihisho yamefika kila daftari, na kwamba mtafiti amekasirika sana, maana mstari wake uliokuwa unapanda umekatika. Kwenye ile picha ya ukutani Dada sasa ana mstari wake mwenyewe, unashuka pamoja na ya wenzake wa kituoni, na ndio watakaoonyeshwa wakubwa. Nilifurahi, halafu nikalia, halafu nikafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Wiki ya tatu Dada akatuma ujumbe: Njoo unisindikize kwenye kadi, huu mguu hauendi.

Tulikaa kwenye benchi la ofisi ya kadi, bega kwa bega, fimbo yake katikati yetu. Alikuwa amevaa gauni aliloshona mwenyewe, la bluu, na kandambili mpya. Watu walikuwa wengi, watoto wanalia, na mguu wangu unacheza mpaka benchi zima linatikisika. Aliniwekea kiganja gotini bila kunitazama.

Karani akatokeza kichwa dirishani, akasoma kwenye karatasi kwa sauti, jina la kwanza, la baba, la ukoo.

Nilinyanyuka. Mkoba ulishakuwa begani na mdomo umeshafunguka kujibu, kama nilivyojibu tangu darasa la kwanza, kama nilivyojibu siku ya shahada, kama nilivyojibu kila asubuhi getini.

Dada alikuwa bado anaitafuta fimbo yake. Alinishika sketi kwa nyuma, akanivuta chini taratibu.

"Kaa, Nyongeza," alisema. "Wameniita mimi."

Nikakaa.