Jiwe Kinywani mwa Paka

Mvua za mwaka 1953 zilikuwa zikikatika pale paka wa Mwape alipoacha kula. Alisogelea dagaa wake, akanusa, akarudi kulala chini ya kitanda. Siku ya nne Mwape alimshika akamfungua kinywa. Kwenye ufizi, kando ya chonge, palikuwa na uvimbe mkubwa kama punje ya hindi. Aliugonga kwa ukucha. Ulikuwa mgumu kama jiwe.

Mumewe, Edouard, alikuwa ametoka kazini kwenye tanuru la shaba, amejilaza mkekani. Miaka kumi na tisa alikuwa akivuta moshi wa tanuru, na sasa hata mwendo mfupi ulimkata pumzi. Aliinuka taratibu, akaugusa uvimbe.

"Iko moshi," alisema. "Inaingia mu kinywa, inageuka shaba. Na mimi iko hivi mu kifua."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Minajua."

Siku ya mapumziko ya Edouard ilipofika, hakubaki amelala. Alimtia paka kikapuni, wakatembea yeye na mkewe toka mtaa wao wa Katuba hadi kwa Liévin, msaidizi wa daktari wa mifugo, aliyetibu mbwa na mbuzi uani kwake. Njiani Edouard alipumzika mara tano.

Liévin alimfunga paka ndani ya gunia, kichwa nje, akamtia dawa ya ganzi, akaukata uvimbe. Kile kipande alikiosha, akakikwangua kwa kisu. Ndani kilikuwa cheupe kama mfupa.

"Haiko shaba, baba. Njo mufupa. Ufizi inavimba, kiisha mufupa inaota mule ndani. Nilisha kuona mbili tatu."

"Inatoka mu moshi?"

"Sijue kwenye inatoka. Hata daktari hajue."

"Na bantu, inabaingia mu kifua?"

Liévin alitazama kifua cha Edouard kikipanda na kushuka. "Mimi niko wa banyama, baba. Enda ku hospitali."

"Nilienda. Banasema nipumuzike."

Walirudi, paka kikapuni. Mwape aliona jibu lile limemchosha mumewe kuliko safari. Alikuwa amekwenda kutafuta jina la ugonjwa wake, akapewa la paka.

Jioni paka alikula dagaa walioloweshwa. Mwape akamwita Edouard aje aone. Alijibu kutoka chumbani kwamba amesikia.

Asubuhi Edouard alikuwa na zamu ya kwanza. Mwape aliinama, akamfunga kamba za viatu, maana akiinama mwenyewe alikosa hewa. Edouard akaenda kazini.