Kitabu cha Saba cha Mwaka Ule

Kazini walimwita Wembe, na jina hilo halikutoka hewani. Kwa miaka thelathini na minne alihakiki vitabu katika gazeti moja la kila wiki, na waandishi wawili watatu walishaapa kwamba hawatampa mkono hata wakikutana msibani. Kalamu yake haikuwa na simile. Riwaya ikipwaya, anasema imepwaya; shairi likilegea, analianika juani watu walione. Ndiyo maana siku mhariri alipomwita ofisini kwake, Wembe alidhani kuna mtu kaja kulalamika tena.

Mhariri alikuwa binti wa umri wa wanawe, mchapakazi, mtu asiyetulia kitini. "Mzee wangu, leo nina kazi tamu," alisema, akamsogezea karatasi. "Tumechagua mwaka mmoja tu. Ule mwaka wa neema, zilipotoka zile riwaya saba ambazo leo hii kila shule inazisomesha. Uzisome upya zote, moja kila wiki, uzihakiki kwa macho ya sasa. Pembeni tutachapa tena ule uhakiki wako wa zamani. Wewe ndiye uliyeziandikia zikiwa bado zinanuka wino. Nani mwingine ataiweza kazi hiyo?"

Wembe akautazama mwaka ulioandikwa juu ya karatasi.

"Mwaka mwingine hakuna?"

"Wa nini tena, mzee? Huu ndio wenyewe!"

Haya, angesema nini? Kwamba huo ndio mwaka aliomzika mtoto wake wa kwanza? Binti wa watu hakujua, na waliojua walishastaafu zamani. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akakubali shingo upande.

Na la mtoto, jamani, halikuwa peke yake. Kulikuwa na jingine ambalo hata mkewe alikuwa hajawahi kulisikia. Mwaka ule Wembe hakusoma kitabu hata kimoja. Ndiyo, huyohuyo Wembe! Mtoto wao, kijana wa miaka mitano waliyempa jina la Bwana Mkubwa kwa jinsi alivyopenda kukaa kitini akikunja nne, alilazwa hospitali wiki kumi na moja. Mama yake, fundi wa kushona sare za shule, alifunika cherehani akahamia wodini. Baba alikwenda Jumapili tu. Siku nyingine zote alisema kazi imembana, na huo ulikuwa uongo mtupu, kwa sababu kila jioni alitoka ofisini mapema, akatembea mpaka lango la hospitali, akasimama pale dakika kumi, kisha akageuka. Alikuwa mwoga, basi. Tusimtafutie neno zuri zaidi.

Akirudi mezani kwake, herufi zinamcheza machoni. Kitabu kikiletwa, anaitazama picha ya jalada, anasoma yale maneno ya nyuma, anaonja kurasa mbili za mwanzo, kisha anajitungia uhakiki kutoka kichwani. Na kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kugombana na mtu, alivisifu vyote. Wenzake wakamtania kwamba wembe umeota kutu. Kumbe vitabu vile saba, loo, vikaja kuwa vitabu vikubwa kweli! Mpaka leo akialikwa mahali husifiwa kwa jicho lake lililoona mapema. Naye huinamisha kichwa, na watu hudhani ni unyenyekevu.

Nakala zake mwenyewe alizigawa zamani, maana hakutaka kuziona nyumbani. Ikabidi aende maktaba ya mjini, ile inayotazamana na hospitali. Mkutubi, mama mcheshi wa miwani yenye kamba, alizitoa zile riwaya stoo, akazipuliza vumbi moja baada ya nyingine.

"Leo umekuja kunyoa wafu, mzee?" alimchokoza.

"Nimekuja kuwaomba radhi," Wembe akajibu. Mama wa watu akacheka sana, akidhani ni utani.

Vitabu vile vilikuwa vya tangu enzi hizo, na nyuma ya kila kimoja kulikuwa bado na kimfuko cha karatasi chenye kadi ya wakopaji: namba ya mwanachama na tarehe. Wembe alifungua kimfuko cha kitabu cha kwanza kwa mazoea tu, akakutana na namba 614. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hiyo ilikuwa namba ya mkewe. Aliijua vizuri, kwani siku za uchumba wao kazi yake ilikuwa kumrudishia vitabu. Tarehe ilikuwa ya zile wiki za hospitali.

Cha pili, 614. Cha tatu, 614. Alipokwenda gazetini kutafuta uhakiki wake wa zamani, akalinganisha tarehe kwa tarehe, mambo yakawa wazi. Kila alipokisifu kitabu, siku chache baadaye mkewe alivuka barabara akakiazima. Alikuwa akilinunua gazeti kule wodini, anasoma alichosema mumewe, kisha anakifuata kitabu. Mume haji, basi angalau maneno yake yalikuja.

Wiki sita zikapita. Wembe alisoma na kuandika, na wasomaji wakatuma barua za sifa. Nyumbani mkewe hakusema lolote. Alilisoma gazeti kila Jumamosi, akalikunja vizuri, akaliweka mezani. Miaka thelathini na mmoja, wawili hao hawakuwahi kulitamka jina la Bwana Mkubwa. Walizaa wengine wawili, wakawalea, wakawasomesha, wakawaoza, na wale watoto walijua tu kwamba ukutani kuna picha isiyoulizwa.

Kikabaki kitabu cha saba. Safari hii Wembe alianzia kwenye kimfuko. 614 ilikuwepo, na tarehe yake ilikuwa Alhamisi. Mtoto alifariki Jumatatu iliyofuata.

Akatoa uhakiki wake wa zamani, akausoma akiwa amesimama. "Msomaji uliyechoka," alikuwa ameandika, "hiki ni kitabu cha kukuliwaza. Kama una mgonjwa, nenda nacho. Wewe unayeuguza, kaa karibu na kitanda cha mwanao, ukisome taratibu mpaka mwisho." Alikumbuka siku aliyoyaandika maneno hayo. Jaladani palikuwa na seremala anayecheka, kambeba mwanawe mabegani. Hospitali ilikuwa haimtoki kichwani, na maneno yakaja yenyewe.

Alikisoma kwa siku mbili. Seremala wa kitabuni alikuwa mtu wa mizaha, na kurasa mia mbili za mwanzo zilimfanya Wembe acheke kwa sauti peke yake chumbani. Kisha mwana wa seremala akaugua. Katika sura ya mwisho kabisa, seremala anaingia mahali mtoto alipolala, anatoa uzi mfukoni, anampima toka utosini hadi unyayoni, polepole, asije akashtuka. Kisha anatoka nje kwenda kuchagua mbao. Kitabu kinaishia hapo, mtoto angali anapumua.

Wembe aliangua kilio cha mtu mzima, kile kisicho na aibu wala mpango. Hakuwa akimlilia seremala. Alimwona mkewe kwenye kiti cha wodini, kitabu mapajani, akifika kwenye ule uzi, na Bwana Mkubwa mbele yake amelala. Na nani aliyempelekea? Yeye! Amemwambia kabisa akae karibu na kitanda, asome mpaka mwisho. Jumamosi maneno yale yatachapwa tena, na mkewe atayaona.

Akaona heri amwambie mwenyewe kabla gazeti halijatoka. Kazi ikawa kuanza. Jumatano alijikaza kisabuni mpaka mlangoni, akarudi. Alhamisi mchana alimkuta mkewe sebuleni amekaa karibu na dirisha, akifumua pindo la pazia, mkasi mdogo mkononi. Akavuta kiti, akakaa, akakohoa mara mbili bila kikohozi.

"Umebakiza kile cha seremala," mkewe akasema, macho yake kwenye pindo.

Wembe akashtuka. "Unakijua?"

"Mimi? Nakijua kuliko wewe uliyekisifu." Akakata uzi, akauvuta. "Sikuwahi kukwambia, mzee wangu, na nadhani sasa tumezeeka vya kutosha. Mimi nilikuchukia wakati ule. Nakwambia ukweli. Wenzangu wodini waume zao wanakuja na uji, wanakuja na kanga safi, mimi wangu anakuja Jumapili tu, anakaa na kofia mkononi anatazama saa. Nikasema huyu mtoto akishapona, mimi na baba yake basi."

"Ulikuwa na haki."

"Ngoja nimalize. Nikawa nasoma unavyoandika. Nikawa navichukua vitabu ulivyovisifu, nijue huko uliko unawaza nini. Halafu kikaja kile. Umeandika kabisa, wewe unayeuguza, kaa karibu na kitanda. Nikajua unasema na mimi. Nikasoma, nikacheka, nikasema haya, mwenzangu ananitania. Mpaka nikafika kwenye ule uzi." Mkasi ukatulia. "Madaktari walikuwa wananizungusha tu, mama vumilia, mama tutaona. Hakuna aliyenitamkia. Pale nikaelewa. Nikasema, kumbe amejua. Kakisoma hiki, kalia, kashindwa kuja kuniambia kwa mdomo wake, ndipo akanitumia kitabu. Nikaona hajaniacha. Ameumia mpaka maneno yamemkwama."

Wembe akasogeza kiti karibu.

"Jioni ileile nikamwomba muuguzi aniruhusu kupanda kitandani. Nikaacha kumwambia mtoto kesho tutakwenda nyumbani. Nikamshika tu. Siku nne, mzee, nilimshika siku nne. Tungekuwa hatujaelewana mimi na wewe, ningezipoteza zile siku nikimpigia kelele ameze dawa. Ndiyo maana tulipotoka makaburini nilikufuata nyumbani. Ni kwa ajili ya kile kitabu."

Mtu mwenye akili zake angenyamaza hapo. Angemshika mkono mkewe, angesema ndiyo, angeondoka na siri yake mpaka kaburini, na nani angemlaumu? Lakini Wembe alikuwa amenyamaza miaka thelathini na mmoja, na ameona kazi ya kunyamaza. Kumdanganya tena mwanamke yuleyule juu ya kitabu kilekile kulimshinda. Akapiga moyo konde.

"Mama, sikukisoma."

"Hukusoma nini?"

"Kile kitabu. Mwaka ule sikusoma hata kimoja. Nilitazama picha ya juu, nikaona baba anacheka na mwanawe, nikaandika. Sikujua kama kuna uzi. Sikujua mtoto wa seremala anakufa. Nilikuwa nafika mpaka getini kila jioni, narudi. Nilikuwa naogopa."

Mkewe akamtazama. Hakumtazama kwa hasira. Ingekuwa hasira angeweza kuibeba. Alimtazama kama mtu anayehesabu upya jambo alilokuwa amelimaliza zamani, akaenda nalo nyuma siku moja moja, hadi kwenye kiti cha wodini.

"Kumbe nilikuwa peke yangu," akasema.

"Nisamehe, mama. Nakuomba."

"Sikulaumu. Nasema tu nilikuwa peke yangu. Sikuwa nimejua."

Akashika mkasi, akafumua mishono mitatu minne, akauweka chini tena. Nje watoto wa jirani walikuwa wanarudi kutoka shule wakigombania mpira, na wote wawili wakawasikiliza mpaka sauti zikapotea.

"Na sasa?" mkewe akauliza. "Sasa umekisoma?"

"Nimekimaliza juzi."

"Chote?"

"Chote. Nililia pale anapompima. Nimelia juzi yote, mama, na jana."

Mkewe akatikisa kichwa taratibu. Akalivuta pazia, akalikunja mara mbili, akaliweka mapajani, akaulaza mkono juu yake.

"Mimi sikulia," akasema. "Niliogopa kumwamsha."