Mipira Minne ya Bwana Upepo

Siku Seth alipokuja kuulizia mipira nilikuwa na siku arobaini na mbili za eda, na nyumba ilikuwa imejaa. Imejaa kweli. Mikeka mitatu ukumbini, wanawake wa mtaa wetu wote wa nyuma ya stesheni, mmoja anachambua mchele, mwingine anamsuka mwenzake, na jirani yangu Stara katikati yao anasimulia jinsi mke wa mnyapara wa reli alivyomfungia mumewe nje kwenye baridi. Zamani ningemkatiza. Ningemwambia si hivyo, mimi niliona mwenyewe. Habari za mtaa ule zilikuwa hazijaiva mpaka zipite kwangu. Siku hiyo nilizisikia zote, neno kwa neno, na hazikunigusa popote.

"Hodi," akasema mtu nje.

"Huyo Seth wa Mvumi," akasema Stara hata kabla ya kuchungulia, akamwamkia kwa Kigogo. "Mbukwenyi, fundi! Simama hapo hapo, humu mna mjane."

"Mbukwenyi, mama. Ndiyo maana nimesimama."

Pazia likashushwa. Bi Tabu, shangazi wa marehemu, ndiye aliyekuwa akinisimamia eda. Akajikokota mpaka mlangoni, akapokea shikamoo yake, akauliza haja.

Seth ndiye aliyekabidhiwa motokaa baada ya mume wangu Shaban kufa. Mwenye motokaa alikuwa Mdachi mmoja wa bomani. Jina lake refu lilitushinda, mji mzima ukamwita Bwana Upepo kwa ajili ya chombo chake hicho: chekundu, viti viwili, hakina paa, hakibebi mzigo, hakina kazi duniani ila kukimbia. Kilishuka na treni, na kila Jumapili alikipeleka kwenye uwanda wa Ipagala, ng'ombe wa watu wakatawanyika hadi Chimwaga.

"Bwana anataka mipira minne ya magurudumu," Seth akasema. "Inayolingana. Jumapili anashindana na bwana mwenzake wa Kilimatinde. Anasema mipira iko humu. Akiipata kabla ya Jumamosi, mama atakaa hapa mpaka eda iishe. Asipoipata, Jumatatu nahamia mimi."

Ukumbi ulilipuka kwa kelele.

"Mjane hahamishwi," akasema Bi Tabu. "Anamalizia eda pale mumewe alipomwachia. Hukumwambia?"

"Nilimwambia, bibi. Kanijibu nyumba hii ni ya fundi wa motokaa."

"Na wewe ungehamia?" Stara akamrukia. "Ungetandika kitanda chako juu ya eda ya mtu, mwana wa misheni wewe?"

Seth akashusha sauti. "Mimi natumwa tu, mama. Na Jumapili kiti cha pembeni nakaa mimi."

Kiti cha pembeni ndicho alichokalia Shaban.

Mipira hiyo ilikuwa chumba cha ndani kwa sababu ghala la boma lilikuwa na panya na joto. Ilikuja kumi katika sanduku moja, yote myeusi, mipana sawa, ukiitazama huoni tofauti. Lakini mitano ilikuwa na turubai nene zaidi ndani yake. Shaban aliigundua kwa bega. Baba yake alikuwa mpagazi wa misafara, na mpagazi hapimi kwa macho. Alitundika mpira mmoja kila upande wa mzega, ule mti wa kubebea mizigo, akauweka begani, akasimama. Mti ukilala sawa, hao ni ndugu. Ukiinama, hawajuani. Akaipanga mizito kulia, myepesi kushoto, akaniambia, "Sikudhani, mama watoto, hii usiiguse. Mmoja ukiwa mgeni kati ya minne, motokaa ikikimbia inavutwa upande, na sisi tunakwenda nayo."

Watoto hatukuwa nao. Sikudhani ndilo jina langu; hilo la mama watoto aliniita tu.

Sasa mimi nilikuwa na mtungi mkubwa wa maji. Nyumba yenye wageni kila saa haiwezi kukaa na kimtungi. Chini ulikuwa wa mviringo, kila siku unayumba kwenye ngata ya majani, na nikaona mpira mmoja wa ile myepesi ya kushoto jinsi ulivyo na tundu la kuukalisha. Nikautoa. Mtungi ukakaa kama sultani. Wanawake wakausifu, nami nikafurahi. Miezi mitatu maji yalikuwa yakichuruzika na kuingia kwenye turubai.

Halafu Shaban akasema kesho yake anabadilisha mipira. Asubuhi na mapema, kabla hajarudi kutoka bomani, niliufuta kwa kitambaa nikaurudisha. Na kwa kuwa nilikuwa nimekandika sakafu ya chumba wiki ile, mafungu yote nilikuwa nimeyasogeza yakachanganyika. Akaingia, akatazama. "Kuna kilichoguswa humu?"

"Hakuna. Nimekandika tu sakafu."

Akachukua mzega akaanza upya. Nilimwona nikiwa jikoni. Alipata minne iliyolala sawasawa. Aliridhika, akaimba kidogo. Ule wangu ulikuwa umekunywa maji, uzito wake ukafikia ule wa mizito.

Ulipasukia Ipagala, Jumapili hiyo hiyo. Bwana Upepo alivunjika mkono. Shaban waliniletea ndani ya shuka.

Nililia siku ya kwanza. Baada ya hapo machozi yakaacha, na watu wakasema nina subira.

"Sikudhani," Bi Tabu akaniita. "Umesikia?"

"Nimesikia. Nileteeni mzega."

Tukaingia chumba cha ndani, mimi, Stara na Bi Tabu, Seth akabaki nje. Mipira iliyobaki ilikuwa sita. Stara akaanza kuchagua kwa macho. "Hawa wawili mapacha, tazama! Na huyu mweusi kama shemeji yangu."

"Weka chini," nikasema.

Mti ulikuwa bado na alama ya bega lake, pale palipolainika. Nikauweka begani kwangu. Stara akatundika mpira huku, mpira huku. Ukainama. Akabadilisha. Ukainama tena. Wa tatu ukalala. Nilikuwa nikisubiri kilio, na hakikuja. Nilihisi uzito tu, na mbavu za mti. Nikabonyeza kila turubai kwa kidole gumba nisikie kama ni kavu. Ilikuwa kavu. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeipata minne myepesi, ndugu kabisa. Tukaisukuma mmoja mmoja chini ya pazia.

"Mungu akubariki, mama," Seth akasema. "Nipe na wa tano, wa akiba. Ule uwanda una miiba."

"Hakuna wa tano."

"Lazima uwepo. Nilikuwepo sanduku likifunguliwa. Mizito mitano, myepesi mitano. Marehemu alifunga mizito minne, kwa hiyo umebaki mzito mmoja na myepesi mitano."

"Imebaki mizito miwili na myepesi minne."

Mle ndani mchele ukaacha kuchambuliwa. Ningeweza kumpa mmoja wa ile mizito, akaenda zake, na jina langu likabaki safi. Au ningesema Shaban alikosea. Ndivyo alivyokuwa ameanza kufikiri Seth, nilimsikia akivuta pumzi kwa huzuni.

"Basi fundi alifunga mwepesi mmoja kati ya mizito," akasema polepole. "Fundi yule? Kwa mzega wake?"

"Hakukosea," nikasema. "Ulikuwa umelowa. Nilikuwa nimekalishia mtungi juu yake. Aliniuliza, nikamwambia sikugusa kitu. Ile miwili usiichukue."

Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayeagiza chumvi.

Nje, magurudumu ya mkokoteni wa Seth yaliondoka. Ukumbini mmoja akakumbuka ameacha chungu motoni. Mwingine akamfuata, na nywele zake nusu zimesukwa. Bi Tabu alikaa akinitazama mpaka alasiri, akafunga kanga zake, akasema, "Eda yako unaijua. Huhitaji mtu wa kukufundisha," akaenda. Yule alikuwa amemlea Shaban.

Jumapili jioni alikuja Stara. Hakuingia. Alisimama nje ya pazia, pale pale aliposimama Seth.

"Motokaa imerudi," akasema. "Imenyooka uwanda mzima. Yule wa Kilimatinde kala vumbi. Seth mzima. Bwana kasema ukae, nyumba yako mpaka umalize."

"Haya."

"Sikudhani." Akashika pazia, akaliachia. "Haya basi."

Nikasikia kandambili zake zikienda, zikisimama kwa jirani, na mazungumzo yakianza huko, ya chini chini. Zamani ningetega sikio.

Zilibaki siku themanini na kitu. Nilichota maji kata moja, nikanywa. Mtungi ulikuwa umejaa bado. Hapakuwa na wa kuyanywa. Nilikuwa nimeurudisha kwenye ngata ya majani, na ulikuwa unayumba.